Niliapa Kwamba Igoki ni Msichana wa Kazi

Kwa Mama Makandi wa gazeti,

Nakuandikia nimejificha nyuma ya ghala la ndengu, daftari liko juu ya magoti, kwa sababu sitaki yule ninayeishi naye aone ninachoandika, na ukiona maandishi yamepinda usinicheke, mkono huu una miaka sabini na sita. Naomba unisaidie kabla ya tarehe kumi na tisa mwezi ujao.

Mimi ni mjane wa upande wa Siakago, huku chini kwenye joto. Niliolewa na Salesio mwaka wa sabini na moja, tukakaa vizuri, hakunipiga wala kunitukana, lakini Mungu hakutupa mtoto hata mmoja, na watu wa kwao walipomwambia aoe mwingine alikataa, akasema ameridhika na mimi, mpaka akafa mwaka wa elfu mbili na nane akaniacha na shamba la ekari saba ambalo title yake iko kwa jina lake hadi leo. Sasa wewe ni mtu wa Meru na najua hata huko kwenu jambo hili linajulikana, mjane asiye na mtoto afanye nini ili nyumba ya bwana wake isifungwe. Nilioa. Nilitoa mbuzi wangu mwenyewe, wale niliofuga mimi, nikatoa na asali, nikaenda kwa wazazi wa msichana mmoja upande wa Gachoka, nitamwita Igoki ingawa hilo si jina lake, wazee wakakaa wakala wakakubaliana, akaja kwangu awe bibi wa nyumba yangu, azae watoto waitwe wa Salesio. Amezaa watatu. Wa kwanza ni Njoki, jina la mama mkwe wangu, kama vile ingekuwa Salesio mwenyewe ndiye baba. Igoki huniita maitu, yaani mama, na hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja. Mwaka juzi nilipovunjika nyonga ni yeye aliyenibeba mgongoni hadi barabarani, na akaniosha miezi minne bila kuguna.

Sasa sikia dhambi yangu. Nilipojiunga na kanisa hili tunaloenda sasa, walikuwa wanaandika watu wa kila nyumba kwenye rejista, na karani akauliza, "Na huyu msichana ni nani wako?" Nyuma yangu kulikuwa na wanawake wamepanga foleni, nikasikia aibu, nikasema ni msichana wa kazi. Ilitoka tu. Igoki alikuwa amesimama hapo hapo na mtoto mgongoni, alisikia, na hatujawahi kuliongelea. Tangu siku hiyo kanisani yeye ni msichana wa kazi na watoto wake ni watoto wa msichana wa kazi. Hata Mzee Hezekiah, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu siku ile ya mbuzi na akala mguu mzima, siku hizi ni mzee wa kanisa, na tukikutana anauliza habari za mvua tu.

Halafu mwaka jana pasta akahubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya wanawake wanaooa wanawake, alikuwa anasema mambo ya ng'ambo na yale ya kwenye televisheni, lakini mimi sikusikia ng'ambo, nilisikia jina langu, jasho likanitoka mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa, nikawa nangoja aninyooshee kidole. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, Mama Makandi, nilipiga makofi na Igoki amekaa kando yangu.

Nafikiri Ireri alinitazama siku hiyo. Ireri ni mtoto wa mdogo wake Salesio, anafanya biashara ya muguka, yale majani ya kutafuna, na ana pikapu. Wiki hiyo hiyo akaja nyumbani na sukari kilo mbili, akanisalimu vizuri, akasema, "Mama mkubwa, hili shamba bado liko kwa jina la mtu aliyekufa, siku moja serikali italichukua. Mimi nitashughulika na mambo ya korti, wewe weka sahihi tu."

Nikavaa miwani nikasoma. Karatasi ilisema kwamba mimi ni mjane nisiye na mtoto, kwamba hakuna mtu mwingine wa nyumba hiyo, kwamba Igoki ni mfanyakazi wangu, na kwamba nimekubali Ireri na ndugu yake wasimamie mali na wairithi. Nikamwambia, "Ireri, hii si kweli, na wewe unajua. Wewe ndiye uliyeswaga wale mbuzi."

Akacheka. Akasema, "Sawa, basi twende ukaseme ukweli kortini. Hakimu atakuuliza mbele ya watu kati yenu nani bwana na nani bibi. Na pasta nitamwalika aje asikie."

Nilitia sahihi. Sitaki kukudanganya eti nilirubuniwa, hakunishikia panga, nilisoma kila neno na nikaandika jina langu chini. Akanipeleka Embu kwa pikapu nikaapa mbele ya wakili ambaye hata hakuinua macho kunitazama, na chifu aliponiuliza watu wa nyumba yangu ni wangapi nikamwambia ni mimi peke yangu. Ireri akaninunulia chai na maandazi, nikala.

Sasa imeletwa karatasi ya korti kwamba tarehe kumi na tisa ndiyo siku ya kuthibitisha mgawo. Na Jumanne Ireri akaja na wanaume wawili wenye kamba ya kupimia, wakapiga vigingi kutoka kwenye mwembe hadi karibu na mlango wa jikoni kwa Igoki. Igoki akatoka na unga mikononi akauliza, "Kuna nini?" na Ireri akamjibu, "Muulize tajiri wako." Igoki akanigeukia. Nikasema wanapima barabara. Tangu Jumanne nikisikia pikipiki imepunguza mwendo hapo kwenye njia, nasema ndio hao wamekuja kumtoa Igoki na watoto, na yeye yuko hapo anapepeta ndengu hajui lolote.

Usinione sijajaribu. Nimeenda Embu mara mbili, nikimwambia Igoki naenda kliniki ya presha. Mara ya kwanza nilipanda ngazi hadi ofisi ya wakili, msichana wa mbele akanitajia pesa ya kufungua faili peke yake, nikaona hata nikiuza mbuzi wote pamoja na kamba zao haitafika, nikashuka ngazi nikishika ukuta. Mara ya pili nikakutana na bwana mmoja mwenye mkoba nje ya lango la korti, ana maneno matamu, anasema yeye ni mtu wa mawakili na atanisaidia kwa bei ya wazee, lakini lazima nimletee title yenyewe, si kopi, Ijumaa wiki ijayo. Nimeshaifunga kwa karatasi ya nailoni iko tayari.

Niambie, nikirudi kusema ukweli nitafungwa kwa kuapa uongo? Wanafunga mtu wa umri wangu? Na nikinyamaza, Ireri amesema mimi ataniacha nikae hadi nife, ni wao atakaowatoa, na Igoki ataenda wapi na watoto watatu, kwao kaka zake wameshagawana, hakuna hata mahali pa kuweka sufuria. Ninaogopa korti, ninaogopa Ireri, ninaogopa pasta, lakini ninaogopa zaidi siku Igoki atakapoisoma ile karatasi aone jina langu.

Nambari yangu ya simu ni hiyo nyuma ya bahasha, usiichapishe.

Mimi mjane ninayetetemeka,
Mbeere Kaskazini.

*

MAMA MAKANDI ANAJIBU

Mama yangu, wewe ni mkubwa kwangu na sijazoea kugombeza mtu wa umri wa mama yangu mzazi, kwa hiyo nivumilie, kwa sababu leo nitakugombeza.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilipiga ile nambari hapo hapo, sikungoja. Ikashikwa na mwanamke kijana, sauti nzuri, akaniambia, "Maitu ameenda kisimani, nimwambie ni nani?" Ningesema nini? Nikasema samahani, nimekosea nambari. Basi umeona? Umeniingiza na mimi. Dakika moja tu ya kukaa ndani ya siri yako na tayari nimemdanganya huyo mtoto wa watu. Sitapiga tena, ndiyo maana najibu hapa, na nimebadilisha vitu viwili vitatu ili jirani asikutambue.

Kitu cha kwanza, na kifanye hata kabla hujamaliza kusoma: toa hiyo title kwenye nailoni uirudishe mahali ilipokuwa. Yule bwana wa mkoba usimpelekee kitu Ijumaa, wala usiende kumwomba radhi kwamba huji. Wakili wa kweli hakungojei langoni, na akitaka kuona title anaangalia, anatoa kopi, anakurudishia ukiwa umeketi hapo hapo. Ukimwachia mtu usiyemjua title ya marehemu, utarudi hapa kuniandikia barua nyingine mbaya kuliko hii. Mungu alikurehemu akaiweka siku mbali.

Sasa nikuulize swali. Kwa nini Ireri alikuja na sukari? Ana pikapu, ana maneno, ana ndugu wa kumsaidia. Alihitaji nini kwa mwanamke mzee wa miwani? Alihitaji sahihi yako, mama. Mbele ya sheria mjane anaulizwa kwanza kabla ya mtoto wa shemeji, na bila wewe kukubali angekwama mlangoni. Wewe unajiona mnyonge katika habari hii yote, kumbe mlango ulikuwa nao wewe, na ukamfungulia. Nakuambia hivi si kwa kukuumiza. Nataka ujue kwamba mtu aliyefungua mlango anaweza pia kwenda kusema aliufungua kwa uongo.

Mimi si wakili, lakini niliinua simu nikamuuliza aliye wakili, bila kutaja jina wala kijiji. Akaniambia hivi: kabla korti haijathibitisha mgawo, mtu mwenye haki katika mali hiyo anaweza kupinga, kwa kiapo kipya kinachoeleza mambo jinsi yalivyo. Hata baada ya kuthibitisha, hati iliyopatikana kwa kuficha watu inaweza kufutwa, ila hiyo ni njia ndefu yenye mawe, usiingoje. Akaniambia pia unaweza kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi ili shamba lisiuzwe kesi ikiendelea. Na juu ya mwanamke aliyeolewa na mjane kwa mila, akasema korti za nchi hii zimewahi kuzisikia ndoa kama yako na kuzikubali. Igoki atapata kiasi gani na watoto watapata kiasi gani, hilo ni la hakimu, mimi sitakupimia shamba kwenye gazeti.

Je, utafungwa? Kuapa uongo ni kosa, sitakudanganya, na siwezi kukuahidi kwamba hakimu hatakunja uso. Lakini anayerudi kwa miguu yake kusahihisha, kabla hajakamatwa, anatazamwa kwa jicho tofauti na yule anayesubiri afumaniwe. Ndiyo maana usiende peke yako. Hilo la kiapo liwe jambo la kwanza unalomwambia wakili wako, la kwanza kabisa, kabla ya habari za Salesio na mbuzi. Ukimficha wakili naye, utakuwa umemaliza watu wa kuwaficha.

"Wakili gani sasa, Mama Makandi, na mimi sina pesa?" Nakusikia. Ulisimama nje ya lango, mama. Safari hii ingia ndani. Kortini kuna dawati la kuwahudumia wananchi, na watu wa umri wako hawatakiwi kupanga foleni ndefu. Sema hivi: nina miaka sabini na sita, nina kesi ya urithi tarehe kumi na tisa, sina wakili na sina uwezo wa kulipa, naomba mnielekeze kwa msaada wa kisheria wa serikali. Upo, unaitwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na kuna sheria ya bunge iliyouweka kwa ajili ya watu kama wewe. Kama ofisi yao iko mbali, uliza nambari ya simu, waambie waandike kwa herufi kubwa. Uliza pia FIDA, mawakili wanawake, wanasaidia wajane wasio na uwezo. Na ile ada ya korti yenyewe, unaweza kuomba usiilipe kwa kuonyesha hujiwezi, karani akuambie fomu ni ipi. Mtu akikutajia bei yoyote mahali popote, mwambie aiandike na akupe risiti. Akikataa kuandika, chukua fimbo yako uondoke.

Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Beba cheti cha kifo cha Salesio, hiyo karatasi ya korti, na kopi ya ulichotia sahihi kama unayo. Hukunielezea kama mna picha ya siku ya mbuzi, lakini tafuta, hata iliyofifia. Na Mzee Hezekiah msimwache hivi hivi. Nendeni kwake mchana, mketi kwenye viti vyake, mumwambie aje aseme alichokiona na alichokila. Huyo naye amejificha nyuma ya habari za mvua miaka yote hii, na mguu wa mbuzi uko tumboni mwake.

Umeona nimeandika "nendeni". Hapo ndipo sasa nakugombeza.

Mama, umenieleza woga wa korti, woga wa Ireri, woga wa pasta. Pasta wako alikuwa anahubiri mambo mengine kabisa, na hata angekuwa anakuhubiri wewe, yeye hana shamba Siakago na si yeye atakayelala nje. Wewe uliogopa foleni ya wanawake kwenye rejista. Basi! Ndio walioanza haya yote, wanawake sita saba wenye vitambaa vichwani ambao leo ukiwauliza hata hawakumbuki. Kwa ajili yao ukamfanya mtu aliyekubeba mgongoni awe msichana wa kazi, kwanza kwa mdomo, halafu kwa chifu, halafu kwa kiapo. Nakuonea huruma, kweli nakuonea, mimi pia nina kanisa na najua kiti kinavyochoma. Lakini huruma yangu haitang'oa vile vigingi.

Na kuna jambo hujaliona. Igoki ana haki ya kupinga kwa jina lake mwenyewe, yeye na watoto wake, hata kama wewe ungenyamaza. Hawezi kupinga asichokijua. Kila siku unayomwambia wanapima barabara, unamlia siku zake. Si siri yako tena unayoitunza, ni muda wake unaoutumia, na tarehe kumi na tisa haimngojei.

Kwa hiyo mwite leo. Usimtume mtu, usimpe gazeti asome mwenyewe ukakimbilia kwa ghala. Mketishe, mwambie nilitia sahihi, nilisoma nikatia sahihi, na niliogopa. Usianze na Ireri. Usilie kwanza ili akubembeleze.

Anaweza kukasirika. Anaweza kukaa siku tatu hakusemeshi, akupikie na asikutazame, na utastahili. Anaweza asikusamehe mwaka huu wala mwaka ujao. Hata hivyo, Jumatatu asubuhi jifunge kitambaa, mwambie achukue vyeti, mpande gari la Embu mkiwa mmenuniana hivyo hivyo. Hampeleki upatanisho kwa wakili. Mnapeleka watoto watatu wanaolala kwenye shamba ambalo wewe, kwa mkono wako, uliandika kwamba si lao.